SOMO: KUPE HUHAMA PAMOJA NA KUNDI



Kwa desturi, wafugaji wa Ngorongoro walikaa katika mbuga za majani mafupi wakati wa mvua; kiangazi walipandisha mifugo nyanda za juu, kwenye maji na malisho. Desturi hii ni ya busara, ila ina hatari yake. Mbugani kupe ni wachache. Nyanda za juu zenye unyevu ndizo makao ya kupe wa masikio, mwenye kuambukiza ndigana kali. Ndama aliyekulia mbugani hana kinga. Akifika juu aweza kufa upesi.

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta daftari la josho tupu kwa miezi miwili. Katibu alijibu kuwa ng'ombe walikuwa wamehama. Katika daftari la mifugo, miezi ileile ndiyo iliyokuwa na vifo vingi vya ndama. Kuhama hakukuwa sababu ya kusimamisha kazi, bali ya kuizidisha.

Kupe huyu hula mara tatu maishani mwake, na kila akishiba hudondoka nyasini. Akinyonya ugonjwa kwa ng'ombe mmoja, humwambukiza mwingine atakayemparamia baadaye. Jike aliyekomaa hunyonya yapata wiki moja, kisha hudondoka na kutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana twahimizwa kuogesha kila wiki: afe kabla ya kutaga.

Basi yapasa:

1. Kuogesha kabla ya kuondoka, na kila wiki huko malishoni. Pasipo na josho, kamati ipeleke dawa na bomba la kunyunyizia.

2. Kuchanganya dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Dawa hafifu huacha kupe hai, nao huzaa kizazi sugu.

3. Kuwachanja ndama mapema kabla ya safari, kwa mkono wa mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya ndigana kali haizuii magonjwa mengine ya kupe, kuogesha kusiachwe.

4. Katibu kuandika tarehe, idadi ya mifugo, dawa na vifo, hata kundi likiwa mbali.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Msimu uliopita, ndama wangapi walikufa baada ya kuhama?

(b) Nani atakayepeleka dawa malishoni, na kwa fedha ipi ya chama?