Simu Huleta Habari za Kazi, Haiuzi Kazi

Somo la kikundi
Muda: saa moja na nusu
Vifaa: simu moja yenye intaneti, daftari, kalamu, na bahasha kubwa kwa kila kijana anayetafuta kazi.



Zamani mtoto akimaliza masomo aliandika barua ya kuomba kazi kwa mkono, akaitia kwenye bahasha pamoja na nakala za vyeti, akaipeleka posta ya Homa Bay au Migori, kisha akangoja. Habari ya kazi yenyewe aliipata katika gazeti lililokwisha kusomwa na watu kumi pale dukani. Mara nyingi siku ya mwisho ilikuwa imeshapita.

Leo mambo yamegeuka. Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, na Tume ya Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa intaneti. Bodi za utumishi za kaunti, zilizokuja na ugatuzi wa mwaka 2013, huweka matangazo yao kwenye tovuti za kaunti. Kijana wa Mbita anaweza kuona tangazo saa ile ile na kijana wa Nairobi. Hiyo ni baraka.

Lakini mlango ulioingiza habari njema umeingiza wezi pia. Mtu asiye na kazi ana haraka, na mwizi anajua hivyo. Somo la leo lina shabaha moja: simu itusaidie kutafuta kazi, wala isitunyang'anye akiba ya kikundi.

1. Vitu vitatu viwe vyako mwenyewe

Cha kwanza ni laini ya simu. Iandikishwe kwa kitambulisho chako, na usiibadilishe ovyo. Ukiomba kazi mwezi wa tatu, huenda ukaitwa mwezi wa nane. Laini ikiwa imekufa, aliyekuita atapiga kwa mwingine kwenye orodha.

Cha pili ni barua pepe. Wengi wetu tulifunguliwa barua pepe na kijana wa saiba, yeye akachagua neno la siri, sisi tukaondoka bila hata kuliandika. Baadaye mwaliko wa usaili unafika, na mwenyewe hawezi kuufungua. Fungua upya kwa jina lako kamili, si jina la utani. Neno la siri uchague wewe, uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ukitumia kompyuta ya saiba, hakikisha umetoka kwenye barua pepe yako kabla ya kuinuka.

Cha tatu ni vyeti. Peleka vyeti halisi vikapigwe picha safi kwa mashine, ujitumie nakala hizo kwa barua pepe yako. Halafu rudisha vyeti halisi kwenye bahasha. Hata nyumba ikivuja au simu ikiibwa, nakala zipo. Fanya vivyo hivyo na maelezo yako ya masomo na kazi, ile karatasi watu huita sivii. Kurasa mbili zinatosha. Kama umekuwa katibu wa kikundi au umesimamia kitalu cha miche, andika. Hiyo nayo ni kazi.

2. Mahali pa kutafuta

Kazi za serikali zitafute penye mzizi wake. Tovuti za serikali ya Kenya, pamoja na za kaunti zetu, huishia na herufi .go.ke. Tangazo likipita kwenye WhatsApp, usiliamini wala usilitupe. Nenda kwenye tovuti ya ofisi iliyotajwa ukaone kama lipo. Pia liko gazeti la serikali, MyGov, linalotoka Jumanne, nalo lasomwa bure kwa intaneti.

Asiye na simu ya intaneti asikate tamaa. Huduma Centre za Migori na Homa Bay husaidia wananchi katika huduma nyingi za serikali. Mwenye simu ndogo anaweza kupokea tangazo kwa ujumbe mfupi kutoka kwa mwenzake.

Tena, intaneti haijaua miguu. Kazi nyingi za Awendo, Rongo, Oyugis au Isebania hazijawahi kuandikwa popote. Mwenye duka la dawa au gereji humwuliza mtu anayemwamini. Nenda ukajitambulishe, acha namba yako, kisha piga simu baada ya wiki mbili kuuliza kwa heshima.

3. Usikimbilie kulipia vyeti vya uthibitisho

Vijana wengi wametumia pesa nyingi kukusanya cheti cha polisi cha tabia njema, cha HELB, cha CRB na vinginevyo, kwa ajili ya kazi ambayo hata usaili hawakuitwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Sasa mwajiri hapaswi kudai vyeti vya namna hii kutoka kwa mwombaji, isipokuwa akiwa na nia ya kumpa mkataba wa kazi. Basi soma tangazo polepole. Vikihitajika, viombe mwenyewe kwenye eCitizen au kwa ofisi inayohusika. Malipo ya eCitizen hupitia Paybill 222222, si namba ya simu ya mtu.

4. Kumtambua mwizi

Tuseme kijana wa Ndhiwa anapata ujumbe huu: "Hongera! Umechaguliwa kuwa karani wa bohari katika shirika la kimataifa. Tuma shilingi 2,500 za daktari na sare kabla ya saa kumi leo." Anamkimbilia mweka hazina kuomba mkopo. Mweka hazina amwulize maswali manne:

Je, uliomba kazi hii? Asiyeomba hachaguliwi.
Je, ulifanyiwa usaili? Ni nani akupe bohari bila kukuona?
Pesa zinaenda kwa nani? M-Pesa huonyesha jina kabla ya kuthibitisha. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo.
Kwa nini kabla ya saa kumi? Haraka ni ya mwizi. Anaogopa utauliza watu.

TSC na Tume ya Utumishi wa Umma hazitozi ada ya kuomba kazi. Uandikishaji wa polisi na jeshi nao haulipiwi. Anayesema "kuna nafasi imebaki, toa kitu kidogo" anauza hewa.

Kwa kazi za Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, tahadhari mara mbili. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni. Kama wakala hayumo, asishike pasipoti yako wala pesa zako.

Ukiwa mteja wa Safaricom na umeshatuma pesa, usikae na aibu. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba zirudishwe, kisha piga ripoti polisi. Ujumbe wa ulaghai upeleke 333. Mwizi hutoa pesa upesi, kwa hiyo kila dakika ina thamani.

5. Kazi ya kikundi

Mkubaliane mambo matatu leo, katibu aandike:

(a) Mwanachama mmoja mwenye simu ya intaneti atafute matangazo kila Jumanne na kuwasomea wenzake. Kikundi kimnunulie bando.
(b) Mkopo wa kutafuta kazi usitoke mpaka watu wawili wamelithibitisha tangazo kwenye tovuti au kwa kupigia ofisi yenyewe. Namba ya ofisi msiitoe kwenye ujumbe uliotumwa.
(c) Aliyeibiwa aeleze kikundini bila kuchekwa. Akinyamaza, mwizi atakuja kwa jirani yake wiki ijayo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wangapi kati yetu wanaojua neno la siri la barua pepe yao?
2. Je, mzazi anayeuza mbuzi kulipia kazi ya mwanawe, tumsaidie vipi kuchunguza kabla mbuzi hajaondoka?
3. Ni waajiri gani wa karibu ambao hatujawahi kuwatembelea?

Mkutano ujao kila kijana aje na bahasha yake na nakala za vyeti kwenye barua pepe. Tutaanza kwa kuzikagua.