Tutumie Neno "Kutia Moyo"

Kumtia mtu moyo ni kumpa nguvu asikate tamaa. Kinyume chake ni kumvunja moyo.

Anayetiwa moyo huonyeshwa ndani ya neno lenyewe. Tazameni:

1. Mwalimu alinitia moyo. (mimi)
2. Nitakutia moyo. (wewe)
3. Bibi alimtia moyo mjukuu wake. (yeye)

Basi tusiandike "Bibi alitia moyo mjukuu". Hiyo -m- isisahauliwe.

Tunasema pia:

4. Mkulima alitiwa moyo na mavuno.
5. Wanakisomo walitiana moyo.

Zoezi: Jirani yako ameacha kisomo kwa kuona haya mbele ya watoto wake. Mwandikie sentensi mbili za kumtia moyo. Halafu nenda ukamsomee.