Saratani iliyosambaa: je, mitishamba inatibu?

Mbulu na Hanang, familia ikiambiwa saratani ya mgonjwa wao imesambaa, wapo wanaorudi kwenye mizizi na magome. Mfamasia anajibu.

Ni kweli mimea ina dawa ya saratani?
Kweli kabisa. Vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu, hutoka kwenye ua la asili ya Madagaska linalopandwa majumbani kama pambo. Paklitakseli, inayotumika hata saratani ya matiti ikishasambaa, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani.

Na miti ya Afrika Mashariki?
Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, kemikali inayoua seli za saratani, kutoka mti wa jamii ya Maytenus wa Ethiopia. Baadaye zaidi ya tani 27 za mti wa jamii hiyo zilivunwa Shimba Hills, Kenya, kwa utafiti. Kwa wagonjwa, maitansini ilikuwa na madhara makubwa na nafuu ndogo, ikaachwa. Miaka mingi baadaye, kemikali ya ukoo wake iliunganishwa na kingamwili inayoibeba hadi ndani ya seli za saratani ya matiti zenye protini nyingi ya HER2. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2013, kwa saratani iliyosambaa.

Basi kwa nini nisichemshe gome nyumbani?
Kwa sababu sufuria haipimi dozi. Kiasi cha kemikali hutofautiana mti kwa mti, na sumu inayoua seli ya saratani huua pia seli za uboho na utumbo. Hospitalini dozi hukokotolewa kwa urefu na uzito, na damu hupimwa kwanza.

Mama ameshaanza kunywa dawa ya mzee wa kijijini. Nimwambie daktari?
Mwambie, na umpelekee hilo gome alione. Baadhi ya mitishamba huumiza ini au hubadili nguvu ya dawa za hospitali. Na asiache kliniki: miezi inayopotea hairudi.

Ikishasambaa, bado kuna la kufanya?
Lipo. Hospitalini Haydom au Katesh, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, au Ocean Road, Dar es Salaam: zipo saratani zinazodhibitiwa hata zikisambaa. Na maumivu yasivumiliwe kimya. Mofini, nayo asili yake ni mmea, hutuliza maumivu makali ikitolewa kwa kipimo. Iulizieni.