Mtoto wa Mfungwa katika Mafundisho ya Islam

Ndugu msomaji, huenda wewe umeingia katika Islam hivi karibuni, au bado waichunguza dini hii kabla ya kuamua. Kwa vyovyote, miongoni mwa mafundisho ya mwanzo utakayoyasikia limo hili: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kurani Tukufu imelirudia jambo hili mara tano, yaani katika 6:165, 17:16, 35:19, 39:8 na 53:39. (Sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kama msahafu ulio nao hauihesabu, tazama aya moja nyuma.)

Wengi hulipenda fundisho hili mara walisikiapo, hasa wale waliolelewa katika itikadi ya kwamba kila mtoto huzaliwa na dhambi aliyoirithi kwa Adamu. Hufurahi kujua kwamba mtoto mchanga hana deni kwa Mungu. Lakini kulipenda fundisho ni jambo moja na kulitenda ni jambo jingine. Basi katika somo hili tulipime kwa mtoto mmoja tu, aliye karibu nawe pengine kuliko udhanivyo: mtoto ambaye baba yake au mama yake yuko gerezani.

Angalia desturi zetu. Baba akifa, majirani hutandika mikeka, wali hupikwa, na kila apitaye huwapapasa mayatima kichwani. Baba akifungwa, hapatandikwi mkeka wowote. Mtoto amempoteza baba yule yule, na chakula kile kile kimepungua nyumbani, lakini watu hupita mlangoni kwa haraka. Shuleni huitwa kwa kosa la baba yake badala ya jina lake. Siku kandambili zinapopotea mlangoni mwa msikiti, macho ya watu humgeukia yeye kabla hajatafutwa mwizi. Na mtu mzima, pengine aliyetoka kusali dakika hiyo hiyo, husema: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Methali hii ni ya zamani, wala sisemi kwamba waliotangulia hawakuwa na busara. Nasema kwamba katika jambo hili Kurani Tukufu yapinga methali, na Mwislamu hana ruhusa ya kuishika methali akaiacha aya. Zaidi ya hayo, katika 49:12 tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina ya kejeli.

Wala madhara yake si ya kukisia. Huko London wataalamu waliwafuatia wavulana 411, waliozaliwa karibu na mwaka 1953, tangu utoto wao hata ukubwani. Mwaka 2005 Joseph Murray na David Farrington walitoa matokeo ya kuchunguza wale waliotengwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 10. Waliotengwa kwa sababu mzazi alifungwa walipatwa na mabaya zaidi maishani kuliko waliotengwa naye kwa kifo au ugonjwa, na kuliko waliotengwa naye kwa sababu nyingine. Kumkosa baba, basi, hakuelezi jambo lote. Sababu ni nyingi, na umaskini umo, lakini aibu ambayo watu humvika mtoto huyu nayo hutajwa miongoni mwake. Na katika sababu zote, hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu kabisa.

Ndugu aliyetoka katika Ukristo aweza kusema kwamba katika Torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 20, imeandikwa kuwa Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao. Ni kweli imeandikwa. Lakini Nabii Ezekieli a.s., katika sura ya 18 ya kitabu chake, alikana waziwazi kwamba mwana huuchukua uovu wa babaye. Islam imelikata jambo hili pasipo shaka. Ibrahimu a.s. alilelewa na mwabudu sanamu, akawa rafiki wa Mungu. Na mwana wa Nuhu a.s., mtoto wa Nabii, alizama pamoja na makafiri. Uovu haurithiwi, wala wema haurithiwi.

Sasa tumtazame Mtume Mtukufu s.a.w. alivyotenda. Imo katika Sahihi Muslim habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekuja mwenyewe kukiri zinaa, naye alikuwa na mimba. Mtume s.a.w. alimrudisha mpaka azae. Alipozaa akaja na mtoto amemfunga katika kitambaa. Akarudishwa tena mpaka amwachishe ziwa. Alipokuja mara ya tatu mtoto alikuwa ameshika kipande cha mkate mkononi, kuonyesha kwamba sasa anakula. Ndipo Mtume s.a.w. akamkabidhi mtoto kwa Mwislamu mmoja amlee, na baada ya hapo hukumu ikapita. Khalid bin Walid r.a. alipomtukana mwanamke yule, Mtume s.a.w. alimkataza, akaisifu toba yake. (Habari ya adhabu yenyewe ina maelezo yake, wala si mahali pake hapa.) Tazama mpango wa mambo: sheria ilingoja mpaka mtoto aweze kula mkate, na haikutekelezwa mpaka mlezi amepatikana. Kisha hata jina la mama likalindwa.

Dunia ya leo imeanza kukaribia hapo. Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, wataka katika kifungu cha 30 kwamba mahakama ifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo inapomhukumu mama mwenye mtoto mchanga. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini, katika shauri la mama wa wavulana watatu aliyepatikana na hatia ya udanganyifu, iliamua kwamba hakimu hana budi kutazama maslahi ya watoto kabla ya kumfunga mlezi wao. Nchini Kenya, sheria ya magereza yaruhusu mtoto mchanga akae na mama yake gerezani mpaka atimize miaka 4, au mpaka apatikane wa kumtunza nje, lolote litakalotangulia. Fikiri siku hiyo: mtoto atoka langoni, mama abaki ndani. Yule Mwislamu aliyempokea mtoto wa mwanamke wa Ghamid, leo ni nani? Sheria ya serikali haiwezi kumtaja. Yamngoja ajitokeze.

Mfano wa pili ni wa Ikrima, mwana wa Abu Jahl. Hakuna aliyemtesa Mtume s.a.w. na masahaba wake kupita Abu Jahl, na Ikrima mwenyewe alipigana na Waislamu kwa miaka mingi. Makka ilipotekwa, mwaka 630, alikimbia. Mkewe akamfuata akamrudisha. Imepokewa kwamba kabla hajafika, Mtume s.a.w. aliwaonya masahaba wasimtukane baba yake, kwani kumtukana maiti huwaumiza walio hai wala hakumfikii aliyekufa. Ikiwa jina la Abu Jahl lilistiriwa mbele ya mwanawe mtu mzima, ni jina la nani ambalo twaweza kulitukana mbele ya mtoto wa miaka 7?

Na mfano wa tatu wengi huusoma bila kuutambua. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi mashuhuri ya Mtume s.a.w. kusali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Baba wa Umama ni Abul-As bin Rabii. Mtu huyu alitekwa katika vita vya Badr, mwaka 624, akiwa upande wa maadui, akafungwa na Waislamu wenyewe. Mkewe Zainab r.a., binti wa Mtume s.a.w., alipeleka mkufu aliopewa na mama yake Khadija r.a. ili uwe fidia, Mtume s.a.w. alipouona moyo ulimlainika, akawaomba masahaba, nao wakamwachilia mfungwa na kuurudisha mkufu. Basi mtoto aliyebebwa katika sala na mbora wa viumbe alikuwa binti wa mtu aliyewahi kuwa mfungwa.

Huenda utauliza: je, Mtume s.a.w. hakusema kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio humgeuza? Ndiyo. Lakini hadithi hiyo yazungumzia malezi, haizungumzii damu. Kama mzazi hayupo kumlea, atamlea aliyepo: nyanya, mwalimu, jirani, au vijana wa kijiweni. Kwa hiyo anayeitaja hadithi hii ili amfukuze mtoto darasani aigeuza kinyume, maana kwa kumfukuza ameshachagua ni nani atakayemlea.

Yako pia mambo ya nyumbani. La kwanza ni uongo. Mama au nyanya humwambia mtoto, "Baba amesafiri," kwa huruma. Sahaba mmoja alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita, "Njoo nikupe kitu." Mtume s.a.w. akamwuliza mama atampa nini. Akajibu, tende. Akamwambia kwamba kama asingempa kitu, ingeandikwa juu yake kuwa uongo. Mtoto wa mfungwa ataujua ukweli, na mara nyingi ataujulia kwenye ugomvi wa watoto wenzake. Afadhali aupate mapajani mwa bibi yake, kwa maneno machache ya kiasi chake: baba alikosa, amewekwa mahali pa wakosaji, wewe hukukosa, naye bado ni baba yako.

La pili, mtoto asilazimishwe kumchukia mzazi. Katika 31:16 Mwenyezi Mungu aagiza kukaa kwa wema hata na wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, ingawa asiwatii katika hilo. Hakuna wizi ulio mkubwa kuliko shirki. Basi apelekwe kumwona baba yake siku zinazoruhusiwa, na amwombee.

Sasa nisema neno kwa wana Jumuiya wenzangu. Sisi twawajua wafungwa wa imani. Tangu sheria ya mwaka 1984 huko Pakistan, Waahmadiyya wengi wamefungwa kwa kutamka au kuandika maneno ya dini yao. Hadhrat Mirza Masroor Ahmad a.t.b.a. mwenyewe alifungwa mwaka 1999, kabla hajawa Khalifa. Mwaka 1986 Hadhrat Mirza Tahir Ahmad r.h. alianzisha mfuko kwa jina la Seyidna Bilal r.a. kwa ajili ya jamaa za mashahidi na za wafungwa hao. Watoto wao twawaheshimu, na ni haki yao. Lakini hapo nafsi zetu hazijaribiwi, maana kifungo cha baba yao ni fahari. Kujaribiwa ni kwa mtoto ambaye baba yake aliiba kweli, labda aliiba kwako. Katika 76:9 mfungwa ametajwa pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa kwa kumpenda Mungu, wala aya haikuuliza alifungwa kwa nini. Na wewe uliyefanya baiat, sharti la nne katika masharti kumi aliyoyatangaza Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889 lakuzuia kumdhuru kiumbe yeyote wa Mungu kwa ulimi wala kwa mkono.

Kwa hiyo uliza katika mtaa wako, kwa siri na adabu, ni mtoto gani yuko katika hali hii. Angalia kama ana daftari na sare, kama ameandikishwa darasa la Kurani, na kama kuna nauli ya kumfikisha gerezani. Na siku mzazi atakapotoka, mtoto atasimama mlangoni hajui kama amkimbilie au ajifiche. Uwepo nyumbani kwao siku hiyo, hata kama ulichochukua ni sukari na majani ya chai tu, ukae nao mpaka chai inywewe.