Skani Ikionyesha Mgongo Wazi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apigwe skani angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Wengi huenda wakitaka kujua kama ni msichana au mvulana. Wachache huambiwa kwamba mtoto ana mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga, na mara nyingi maji hujaa kichwani pia.

Si laana wala kosa la mama. Sehemu hiyo hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kuwa wana mimba. Upungufu wa asidi ya foliki huchangia, ila si sababu pekee. Jamaa wanaouliza "kwao kuna nini?" waambiwe hivyo waziwazi.

Msiamue lolote siku hiyo. Ombeni rufaa kwa mtaalamu, mwende mume na mke, mkaulize uwazi uko sehemu gani ya mgongo. Kadiri ulivyo juu, ndivyo miguu inavyoathirika zaidi. Ulizeni pia kama kuna kasoro nyingine.

Kuhusu kutoa mimba, Kifungu cha 26 cha Katiba hakiruhusu isipokuwa mtaalamu wa afya aone haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Hayo ni mazungumzo ya mama na daktari wake, si ya kikao cha ukoo.

Linalosahauliwa ni mahali pa kujifungulia. Uwazi huo hufaa kufungwa kwa upasuaji ndani ya siku mbili au tatu, kabla viini havijaingia. Mtoto akizaliwa nyumbani, siku hizo huishia njiani. Upasuaji huu hufanywa Kijabe na katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kwa hivyo pangeni mapema nauli, usajili wa SHA na atakayebaki na watoto wengine.

Jadilini pia malezi. Huenda mtoto akahitaji kutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache, miaka mingi. Baba au nyanya anaweza kufundishwa. Kazi hii isiachiwe mama peke yake.

Mama aliyewahi kupata mtoto wa hali hii amwone daktari kabla ya kushika mimba nyingine, kwani huhitaji dozi ya foliki iliyo kubwa kuliko ya kawaida.