SOMO LETU: ALFA, NYASI YA KAMBA, KAPU NA KARATASI

Wengi wenu katika vikundi mnasuka vyondo vya mkonge, kwa hivyo somo hili mtalielewa haraka. Ni juu ya nyasi ya mbali ambayo nayo imelisha jamii nyingi kwa ususi, lakini pupa ilipozidi ikaanza kutoweka.

Watu wa Algeria na Tunisia wanaiita alfa, na kule Uhispania ni esparto. Humea kwa mashungi mazito, kimo karibu mita moja, na shungi moja huishi miaka mingi. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, kisha kiangazi ni jua tupu. Jua likizidi, jani hujikunja kama uzi lisipoteze maji. Ndiyo maana huweza kumea penye mvua ya milimita 200 hadi 400 tu kwa mwaka.

Kuisuka si jambo la jana. Katika pango moja karibu na Albuñol, Uhispania, vilipatikana vikapu vyake, na mwaka 2023 wataalamu walieleza kwamba vingine vina miaka kama 9,500. Hata ndara zilikuwamo!

Sasa shida ilianzia wapi? Kuanzia miaka ya 1860 viwanda vya Uingereza viliinunua kwa shehena za meli, maana hutoa karatasi nzuri ya vitabu. Basi watu wakaikimbilia. Na hapa msikilize vizuri: mvunaji wa alfa huzungusha majani kwenye kijiti kifupi, halafu anavuta kwa nguvu. Majani yanachomoka, shina linabaki lichipue tena. Lakini ukivuta udongo ukiwa umelowa, shungi lote linang'oka na mizizi yake. Hapo upepo unabeba udongo, na alfa haikui haraka. Ongeza mifugo mingi na kulima shayiri palepale, na kumbe nyanda za alfa za Algeria zimepungua vibaya.

Kule Kasserine, Tunisia, kiwanda cha karatasi ya alfa kilianzishwa miaka ya 1960. Wavunaji, wengi wao akina mama, hulipwa kwa kilo. Mama mwenye watoto nyumbani, utamwambiaje angoje udongo ukauke? Mimi naona sheria peke yake haitoshi. Yule anayepima kwenye mizani naye akatae majani yaliyokuja na mizizi, na bei iwe ya haki.

Mkikutana, jadilianeni: malighafi ya kikundi chenu inatoka shamba la nani, na ni nani anayeamua ivunwe lini?