Gazeti Darasani: Mfano wa Habari za Watu Wasio na Makazi

Wanachuo wengi waendapo katika mazoezi ya kufundisha hupenda kutumia gazeti katika somo la Kiswahili. Jambo hilo ni jema, kwani gazeti ni kifaa rahisi kupatikana, hata likiwa limekwisha kufungiwa maandazi. Lakini aghalabu husomwa kama kitabu cha kiada: habari husomwa kwa sauti, maneno magumu huandikwa ubaoni, maswali huulizwa, basi. Haulizwi ni nani aliyesema katika habari ile, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Tulipata kukaa nyuma ya darasa la sita tukimsikiliza mwanachuo akifundisha habari ya msako wa mjini. Aliuliza, "Wazururaji ni watu gani?" Majibu yalikuja mbio: wavivu, wachafu, wezi. Mwanachuo aliyaandika yote ubaoni. Mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha alifunga daftari lake, na hakulifungua tena hadi kengele ilipolia. Baadaye mwalimu wa darasa alitueleza kwamba mtoto huyo na mama yake walikuwa wakilala katika vibanda vya soko. Mwanachuo hakuwa na nia mbaya. Alifuata maneno ya gazeti.

Basi tuanze na maneno yenyewe. Kiambishi tamati -ji, kama katika msomaji au mchezaji, huonyesha kazi au mazoea ya mtu. Kwa hiyo neno "mzururaji" limekwisha kutoa hukumu kabla habari haijaanza: mtu huyu yuko barabarani kwa sababu ya tabia yake, wala si kwa sababu kodi ya chumba ilimshinda, au mumewe alifariki na ndugu wakaitwaa nyumba. Tukisema "asiye na makazi" twataja hali, na hali yaweza kuanza na yaweza kwisha. "Chokoraa", neno lisikikalo sana Kenya, linahusishwa na kuchokora, yaani kupekua jaani. Mtoto mzima ameitwa kwa tendo moja alifanyalo akiwa na njaa. Hata "watoto wa mitaani" ni jina la ajabu kidogo, maana ni mtoto gani wa mjini asiyekaa katika mtaa fulani?

Wanachuo wasidhani kwamba haya ni mambo ya sarufi tu. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria ya nguvukazi, na kampeni ya Nguvu Kazi ikafuata. Watu walioitwa wazururaji walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini, na wengi walirudi mjini. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo wachuuzi wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki, lakini hawakuwa na kitambulisho cha kazi iliyotambuliwa. Neno lilikuwa pana kiasi cha kuwameza na wao. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba maneno yatumikayo katika sheria hizo yana sura ya kikoloni na humshusha mtu utu wake.

Sasa njia ya kufundisha. Habari ifuatayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka: "Ombaomba arobaini walizolewa jana katika zoezi la kusafisha mji. Mkuu wa msako alisema kero hiyo sasa itakwisha. Wananchi wameipongeza hatua hiyo." Mwalimu achore ubaoni safu tatu: anayetenda, anayetendwa, anayesema. Wanafunzi wajaze. Wataona upesi kwamba ombaomba wako katika safu moja tu. Kisha waulizwe ni vitu gani vingine huzolewa na kusafishwa. Swali lililo gumu zaidi liachwe mwisho: je, wale arobaini si wananchi? Mwandishi amewataja ombaomba, kisha akawataja wananchi, kana kwamba ni makabila mawili. Tumejaribu swali hili mara kadhaa, na kila mara darasa hunyamaza kwanza.

Tusimwonee mwandishi wa habari. Ana saa chache, na taarifa ya msako huletwa kwake tayari, ilhali kumtafuta mama aliyepoteza chumba chake huhitaji siku nzima.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo huonekana zaidi wakati wa Idi na Krismasi. Mfadhili hutajwa kwa jina na cheo chake, akipigwa picha na magunia ya mchele. Wanaopokea huitwa "wasiojiweza" na hawana majina. Safu tatu zetu hujazwa vilevile kama katika habari ya msako. Kwa hiyo wanafunzi wanapoandika upya habari, mwalimu asikubali huruma peke yake. Awatake waandike maswali matatu ambayo wangemwuliza mmoja wa wale arobaini, kama vile alilala wapi jana, alifanya kazi gani zamani, vitu vyake vilipelekwa wapi.

Kuandika upya kufanywe katika kipindi cha pili, maana kipindi kimoja hakitoshi. Wala mwanafunzi asiombwe hata kidogo kueleza mbele ya wenzake anakolala yeye; mifano yote itoke gazetini.